Kikombe cha Ngumi Moja

"Kumi na nane nukta sita," alisema Sista Anyes, akakigeuza kipimo cha sukari upande wao ili waone kwa macho yao wenyewe.

Minza hakujua kumi na nane nukta sita ni nyingi kiasi gani, ila alimtazama Sista usoni akajua si habari njema. Mumewe, Ndalahwa, alikuwa bado ameibana pamba kwenye ncha ya kidole kilichotobolewa. Mguu wake wa kulia ulikuwa juu ya kigoda, umevuliwa buti. Kwenye kidole gumba palikuwa na kidonda cha ukubwa wa sarafu. Alikipata kwa lile buti alilopewa na kiwanda cha pamba anakolinda geti, buti dogo kuliko mguu wake, na hakulisikia likimla kwa sababu vidole vyake vilikuwa na ganzi tangu mwaka uliopita.

"Mzee, kazini unakula nini?"

"Chipsi."

"Kila siku?"

"Kila zamu. Kuna kijana anakaanga pale pale getini. Sasa niache geti niende wapi?"

Sista alitikisa kichwa. "Viazi mviringo hivyo, tena kwenye mafuta, ndivyo vinavyoutafuna mguu wako. Acha. Wali mweupe nao acha. Ukitaka kiazi, kula kiazi kitamu. Kichemshwe na ganda lake, ule na mboga za majani nyingi na maharage. Hicho sukari yake inapanda polepole."

"Kitamu?" Minza aliuliza. "Sista, mtu ana sukari, unamwambia ale kitamu?"

Watu waliokaa kwenye benchi wakisubiri zamu yao walicheka. Sista naye akatabasamu. Alikuwa binti wa Rombo, amehamishiwa Bariadi mwezi wa sita, na vumbi la huku lilikuwa bado linamkohoza.

"Mama, utamu wa mdomoni na sukari ya kwenye damu ni mambo mawili. Lakini nisikilize vizuri, sijasema ale gunia. Mzee, hebu kunja ngumi."

Ndalahwa akakunja. Ilikuwa ngumi ya mtu aliyekokota plau ujana wake wote, vifundo vimetokeza kama mawe.

"Haya. Kiazi cha ukubwa huo. Asubuhi ngumi moja, mchana ngumi moja, jioni ngumi moja. Basi."

"Ngumi yake au yangu?" Minza akauliza.

"Yake."

"Ana bahati huyo," alisema mzee mmoja mwembamba kwenye benchi, akainua ngumi yake kavu. "Kwa hii yangu mimi ningelala na njaa."

Wakacheka tena. Sista alisubiri kicheko kiishe, kisha akainama akakifunga kile kidonda kwa bandeji safi, na alipozungumza hakuinua kichwa.

"Sukari ikishuka, hiki kitakauka. Ikibaki huko juu, hiki kitapanda. Kikipanda, mguu utakatwa. Sikutishi, mzee. Nakwambia."

*

Minza aliishia darasa la nne, lakini neno likishaingia kichwani mwake lilikaa. Walipofika nyumbani hakungoja hata kuvua kanga ya kutokea. Alishusha vyombo vyote kabatini, akavipanga mkekani.

"Ng'wana Maduhu, unafanya nini?" Ndalahwa aliuliza. Alizoea kumwita kwa jina la baba yake, toka siku za uchumba.

"Lete ngumi."

Bakuli la mboga likawa pana mno. Kikombe cha chai hakikupokea hata vidole vitatu. Mwisho akatoa kikombe kikubwa cha bati chenye ukingo wa buluu, ambacho mama yake alimpa siku alipoolewa. Ndalahwa akaingiza ngumi ndani yake, nayo ikaingia kwa shida, ikajaa, ikakwama kwenye vifundo. Ilibidi avute kwa mkono wa pili ndipo itoke.

"Hiki," alisema Minza. Toka siku ile hakuna mtu aliyekinywea tena kikombe hicho.

Sokoni alikwenda nacho. Wakati huo ulikuwa mwezi wa nane, viazi vitamu vimejaa, mafungu yamepangwa hadi njiani. Aliinua kiazi kimoja kimoja, akakidumbukiza kikombeni, kikichomoza anakirudisha.

"Mayu," muuzaji mmoja alimwita, yaani mama kwa Kisukuma, "wewe unanunua viazi au unavipimia kofia?"

"Nanunua mguu wa mume wangu," Minza alijibu, na yule mama akamwongezea kimoja.

Kazi ilikuwa upande wa Ndalahwa. Chipsi zilikaangwa hatua kumi kutoka kwenye kiti chake cha ulinzi, na harufu haijui geti. Januarius, yule kijana wa chipsi, alimtania wiki nzima. "Mzee, siku hizi unanipita kama umeokoka! Njoo basi hata uonje chumvi!" Ndalahwa alikuwa anafungua kitambaa chake, anatoa kiazi kilichochemshwa, kimepoa na ganda lake, anakila akitazama upande wa barabara.

Walipoanza mwezi wa tisa wakarudi kliniki. Tisa nukta mbili. Sista Anyes alipiga makofi mbele ya watu wote.

"Mnaona? Mnaona? Huyu mama apewe cheti!"

Kidonda kilikuwa kimenywea, kingo zake zimeanza kuwa na ngozi mpya ya rangi ya waridi. Wakati wa kurudi Ndalahwa alitembea mbele, buti limekatwa sehemu ya kidole, na Minza nyuma yake akaona hachechemei.

*

Lakini viazi vibichi vina msimu wake. Mwezi wa kumi ulipoingia, ardhi ilikuwa imepasuka, na vilivyobaki sokoni vilikuwa vidogo, vimetobolewa na wadudu, fungu dogo kwa bei ya mafungu mawili. Viazi mviringo ndivyo vilivyozidi kushushwa kwenye malori, gunia juu ya gunia, vyeupe, havijui kiangazi. Minza alivipita kwa pembeni kama mtu anayempita mbwa mkali.

Akampigia simu dada yake, Wilhelmina, kule Shishiyu. Siku ya tatu basi likaleta gunia la matobolwa.

Kwa asiyejua, matobolwa ni viazi vitamu vilivyochemshwa, vikamenywa, vikakatwa vipande na kuanikwa juani juu ya mawe siku nyingi, mpaka ukivirusha vinalia kama kokoto. Vinakaa mwaka mzima. Njaa ya Usukuma imewakuta watu wengi wamekalia gunia la matobolwa, ikaondoka kwa aibu. Hili gunia Minza aliliona likizaliwa. Mwezi wa saba alikwenda kumsaidia dada yake, wakamenya hadi vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, wakaanika juu ya jiwe lile lile walilokuwa wakianikia na mama yao.

Alifungua gunia, akanusa, akacheka peke yake. Kiazi kitamu. Kimechemshwa. Hakina mafuta hata tone, hakina sukari ya dukani. Tena hakiozi. Mungu akupe nini?

Akachukua kikombe chenye ukingo wa buluu, akakijaza. Halafu akakitikisa, vipande vikashuka na kujipanga, akaongeza vingine mpaka ukingoni. Hakutaka kumpunja mgonjwa hata kipande kimoja. Ngumi ni ngumi.

Asubuhi kikombe kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja. Cha mchana Ndalahwa alikwenda nacho mfukoni, akitafuna kimoja kimoja getini, polepole, kama mtu anayetafuna mawazo.

*

"Kumi na saba."

Ulikuwa mwezi wa kumi na moja. Sista Anyes alipima mara ya pili kwa kidole kingine. Kumi na saba na kitu. Akafungua bandeji. Ile ngozi ya waridi haikuwepo, na pale mahali palikuwa na unyevu.

"Vidonge anameza?"

"Anameza."

"Viazi?"

"Vitamu. Ngumi moja, vile vile ulivyosema. Nampimia mwenyewe."

Sista aliandika kwenye kadi. Lakini mwezi wa kumi na mbili, kipimo kiliposoma ishirini na tatu na Ndalahwa akaomba maji ya kunywa mara tatu kabla hajamaliza kuhudumiwa, aliiweka kalamu chini.

"Mama, mnanidanganya."

Watu kwenye benchi wakageuza shingo.

"Sista, kweli ya Mungu..."

"Usimtaje Mungu. Hiki kipimo hakina udugu na mtu. Mtu anakula ngumi moja ya kiazi kitamu na mboga, anafika ishirini na tatu? Mnafika hapa mnasema ndiyo Sista, ndiyo Sista, mkirudi huko mnakula mnavyotaka. Mguu ukikatwa mtasema nesi mbaya." Akamgeukia Ndalahwa. "Mzee, sema ukweli. Chipsi?"

Ndalahwa alikuwa mtu wa miaka hamsini na minane. Alikuwa na wajukuu. Alitazama watu wa kwenye benchi, nao wakatazama sakafu.

"Sijala," alisema.

"Haya," alisema Sista, kwa sauti ya mtu asiyeamini.

Minza angelisema neno moja tu, matobolwa, binti wa Rombo angeuliza hayo ni mdudu gani, na pengine mambo yangegeukia hapo. Hakulisema. Kwake yeye alikwisha sema, viazi vitamu; kiwe kimechimbwa jana au kimekauka tangu mwezi wa saba, kiazi ni kile kile. Na Sista hakuuliza, maana kwa akili yake kiazi kitamu ni kitu kimoja, kinatoka sufuriani kinafuka mvuke.

*

Siku mbili baadaye, saa ya mchana, Minza alikwenda kiwandani. Hakupitia barabara kubwa. Alijibanza kwenye kibanda cha fundi baiskeli, kanga amejifunika hadi kwenye nyusi, akatazama geti. Alisimama pale mpaka jua likamchoma kisogo. Ndalahwa alifungulia lori, akafunga. Akakaa. Akanywa maji. Akatoa kitu mfukoni, akatafuna. Akanywa maji tena.

Hakuridhika. Akamfuata Januarius.

"Mwanangu, nikuulize. Mume wangu anakula hapa?"

Januarius alikuwa anageuza chipsi. Aliinua macho, akamtazama huyu mama aliyejifunika kama mwizi wa kuku, akaangua kicheko. "Mzee Ndalahwa? Mayu, toka Nanenane hajala hata unga wa chipsi! Mimi nilidhani amenichukia!" Halafu, kwa sauti ya kijana asiyejua ubaya wa anachofanya, akaita, "Mzeeee! Njoo uone, mama amekuja kukukagua!"

Madereva wawili wa malori waligeuka. Ndalahwa akatoka kwenye kiti chake, akaja akichechemea, taratibu, mpaka akasimama mbele ya mkewe. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ng'wana Maduhu," alisema. "Tangu lini mlinzi akalindwa?"

Hakungoja jibu. Aligeuka akarudi getini. Na tangu siku ile hakusema tena neno lolote juu ya chakula, si zuri wala baya. Alichopewa alikula.

Mdogo wake, Joakim, akaja kutoka Bukundi na kuku wawili na maneno mengi. Alikaa sebuleni akamtazama kaka yake alivyokonda, mifupa ya mabega imetokeza.

"Shemeji," alisema, "kaka yangu anaisha mikononi mwako. Huyu si wa hospitali. Huyu kuna mtu amemtegea uchawi kwenye nyayo za kwato za ng'ombe."

"Ameumizwa na buti, Joakim."

"Buti wamevaa watu wote wa kiwanda. Wengine mbona wazima? Hata kula humpi. Nimeona mwenyewe, ugali anaunusa tu."

Ndiyo, alikuwa ameuondoa ugali. Alikuwa ameondoa na maziwa, na maharage pia, kwa hofu. Kila sukari ilipopanda, alikata kitu. Na kila alipokata kitu, tumbo la mgonjwa lilipolia, alimwongezea kikombe cha nne cha kile kilichoruhusiwa. Alisimama imara kwenye neno la Sista kama mtu anayeshika mzizi mtoni, hajui kama mzizi wenyewe umeng'oka.

*

Mguu walimkata baada ya Krismasi, katika hospitali kubwa, chini kidogo ya goti. Daktari alimwita Minza pembeni kusaini, kalamu ikamkwama mkononi, akaandika jina lake herufi kwa herufi, kama siku za darasa la pili.

Siku ya tatu Ndalahwa akaomba kitu cha kula. Mdomo wake ulikuwa umekauka, una vidonda, na matobolwa ni magumu. Minza hakuwa amewahi kuyaloweka. Matobolwa hutafunwa, ndiyo raha yake. Lakini mgonjwa ni mgonjwa. Alijaza kikombe chenye ukingo wa buluu, akakitikisa kama kawaida, akamimina vile vipande kwenye hotipoti, akavifunika kwa maji ya moto, akaweka kifuniko. Akatoka kwenda kufua shuka.

Aliporudi kifuniko kilikuwa kimeinuka.

Alidhani kuna aliyekigusa. Akakiondoa. Hotipoti ilikuwa imejaa pomoni. Vile vipande vilivyokuwa vyembamba kama magome vilikuwa vimenenepa, vimeng'aa, vimesukumana hadi juu, maji yote yamekwisha, na harufu ilikuwa ile ya viazi vya mwezi wa nane. Minza alichukua kijiko akaanza kuvirudisha kwenye kikombe. Kikombe kikajaa, hotipoti haijapungua hata nusu. Akavimwaga kwenye sahani. Akajaza tena. Akamwaga. Akajaza tena. Mara ya nne kikombe kilifika zaidi ya nusu.

Alikaa chini, sakafuni, kati ya vitanda viwili.

Picha ikamjia ya lile jiwe la Shishiyu. Yeye na Wilhelmina wamepanda na magunia manne, siku ya kwanza jiwe halionekani kwa viazi. Wameshuka, baada ya jua kumaliza kazi yake, na gunia moja. Alilijua hilo tangu ana miaka sita. Watoto wote wa Usukuma wanalijua. Jua linachukua maji. Maji peke yake. Sukari jua haliichukui.

"Vipi?" Ndalahwa aliuliza kutoka kitandani. "Viko tayari?"

"Vimemwagika," alisema Minza. "Nitakuletea uji wa dona."

*

Siku ya kliniki, mwezi wa kwanza, alikwenda peke yake. Alipanga foleni kama wengine. Zamu yake ilipofika aliweka mezani kikombe kilichojaa matobolwa makavu, na pembeni yake bakuli kubwa lenye kikombe kama hicho kilicholowekwa tangu alfajiri.

"Mama, pole sana. Nilisikia..." Sista Anyes alianza. Kisha akatazama mezani. "Hii ni nini?"

"Viazi vitamu."

"Hivi?"

"Ndivyo hivi. Kuanzia mwezi wa kumi. Hiki," akagusa kikombe, "ndicho hiki," akagusa bakuli.

Sista alichukua kipande kikavu, akakiuma, akakitafuna. Taratibu uso wake ukabadilika. Akavuta kiti akakaa, na kwa mara ya kwanza Minza akaona alivyo mdogo, pengine sawa na binti yake wa mwisho.

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Mbona hukuniuliza, mwanangu?"

Kutoka kwenye benchi, yule mzee mwembamba wa ngumi kavu akakohoa.

"Sista," alisema. Safari hii hakuna aliyecheka. "Hata mimi nala hayo hayo."

"Mimi michembe, vile vinavyoanikwa vibichi," alisema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. "Viazi vibichi mwezi huu tutavipata wapi?"

Sista alichukua kalamu, akainama juu ya karatasi yake. Alikaa hivyo muda mrefu, na karatasi ikawa bado nyeupe.

*

Nyumbani Ndalahwa alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, suruali imekunjwa na kufungwa kwa pini pale mguu ulipoishia. Buti la kulia lilikuwa bado mlangoni. Kiwanda kilikuwa kimeshapata mlinzi mwingine.

Minza alipiga magoti mbele yake. Alimweleza yote, kuanzia gunia la Wilhelmina hadi kifuniko kilichoinuka. Hakulia, machozi yalikuwa yamemwishia kule hospitalini, akifua shuka. Alipomaliza alingoja apigwe, au atukanwe, au afukuzwe arudi kwa Maduhu, ingawa Maduhu mwenyewe yuko kaburini miaka ishirini.

Nje kuku wa Joakim walikuwa wanaparua.

"Nilikuwa najua," alisema Ndalahwa.

"Ulijua nini?"

"Si kama wewe ulivyojua sasa. Mwili ulijua. Kila nikimaliza kile kikombe, kiu inanikaba mpaka naona vumbi la geti linageuka maji. Nikila kidogo, afadhali. Nikasema, nitamwambia Ng'wana Maduhu kile chakula kinanisumbua." Akajifuta mdomo. "Halafu ukaja pale kwa Januarius."

Minza akainama.

"Nikasema, nikikataa kikombe hiki sasa, atasema nimeshiba chipsi. Nikala. Nikavimaliza vyote, Ng'wana Maduhu, hadi unga wa chini. Nilitaka ukione kikombe kiko kitupu."

Minza alisimama, akaenda jikoni, kwa sababu ilikuwa saa ya chakula na mgonjwa ana saa zake. Sokoni alikuwa amepata viazi vibichi vitatu, vidogo, vya bei ya ajabu, vya mashamba ya Kiloleli karibu na maji. Alikuwa amevichemsha na maganda yake. Alirudi navyo kwenye sahani, na kikombe mkononi, akasimama, hajui avipime au asivipime.

"Lete," alisema Ndalahwa.

Akakipokea kikombe chenye ukingo wa buluu, akakiweka kwenye paja la mguu uliobaki. Akakunja ngumi, akaiingiza. Iliingia yote bila kugusa ukingo, ikapita vifundo, ikashuka hadi chini. Akaitikisa, nayo ikagonga bati huku na huku, kama kipande kikavu ndani ya kikombe kitupu.

Minza akaacha kiazi kimoja cha ukubwa wa ngumi hiyo, akarudisha viwili jikoni.